Sura ya Saba: Pipa Lisilo na Tofali

Jumanne, tarehe 8 Julai 2014. Jalidi nyembamba juu ya nyasi, na ukungu mzito uliopanda kutoka mtoni kabla ya alfajiri ukaulalia mji wa Mullaburra. Verna Matulich aliyaandika hayo juu ya ukurasa mpya wa daftari lake, akatazama saa, akaongeza: "Mtaa wa Brigalow, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku ya taka." Kisha akazima injini ya gari, akashusha kioo kidogo apate kusikia.

Hakukuwa na kitu cha kusikia. Treni ya makaa ya mawe ilikuwa ikipita mbali, bila mwanzo wala mwisho. Pande zote mbili za mtaa nyumba zilikaa ndani ya ukungu, na kila moja ilikuwa na taa ya manjano barazani. Mtu angedhani ndani watu wameanza kuamka.

Verna alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ishirini kati ya hiyo aliitumikia polisi. Siku hizi alichunguza madai kwa niaba ya kampuni ya bima. Dai lililokuwa mapajani mwake lilikuwa la Bibi Lupe Vaipulu, mjane wa Kitonga anayeishi Logan, kusini mwa Brisbane. Nyumba namba 14 ya mtaa huu ilikuwa yake, na kila mwezi alilipia bima ya wenye nyumba. Mpangaji wake, R. Kelleher, alikuwa akilipa dola mia tisa kwa wiki, na mwezi wa Aprili akatoroka. Mama huyo alidai kodi ya wiki kumi na tano. Kampuni ilitaka jibu kabla ya saa sita mchana.

Jana Verna alishakaa na wakala wa nyumba, Gavin Strutt, ofisini kwake. Strutt alimpa mkataba wenye saini, orodha ya malipo na picha nane, moja kwa kila mwezi ambao Kelleher alilipa. Kila picha ilionyesha namba 14 alfajiri: nyasi fupi, taa ya barazani, pipa la taka limewekwa ukingoni mwa barabara. "Huwatumia wenye nyumba," Strutt alisema. "Wengi wako mbali. Wakiona pipa limetoka, wanalala usingizi." Picha zilikuwa safi. Kitu kimoja tu kilimkwaza Verna: orodha ilionyesha Kelleher akilipa kila Jumatatu, saa tatu na dakika tano asubuhi, bila kukosa hata mara moja. Migodi hulipa mishahara kila baada ya wiki mbili. Hakuwahi kumwona mchimba makaa anayelipa kodi kama kengele ya shule.

Mzee mmoja alitokea kwenye ukungu akisukuma pipa. Alikuwa mrefu, amevaa koti la sufu na kofia pana. Alilisimamisha pipa barabarani, akaligeuza kidogo, akalipapasa kifuniko, akarudi. Baada ya muda akatokea tena kwenye lango jingine, na pipa jingine. Verna hakushangaa. Katika miji ya makaa watu hufanya kazi siku saba na kulala siku saba, na aliye macho husukuma mapipa ya waliolala. Aliandika tu: "Mzee mmoja, mapipa saba."

Kutoka upande wa barabara kuu zilisikika nyayo, na magurudumu ya sanduku yakikwaruza lami. Mwanamke mnene aliyejifunga kiunoni mkeka mwembamba, vazi la heshima la Kitonga, juu ya sketi nyeusi alikuja akisoma namba za malango moja baada ya nyingine. Alipofika namba 14 alisimama. Hakugusa lango. Alitazama ile taa ya barazani kwa muda mrefu.

Verna alishuka garini. "Bibi Vaipulu?"

"Ndiye mimi." Mwanamke hakugeuka. "Nimepanda basi Brisbane jana mchana. Miaka mitatu nailipia nyumba hii na leo ndiyo mara ya kwanza kuiona. Ni ndogo kuliko kwenye picha." Akanyoosha kidole. "Lakini taa inawaka, mama. Kuna mtu. Huyo Kelleher amerudi."

"Nimeshabisha hodi. Hakuna aliyejibu."

"Basi amelala. Ametoka zamu ya usiku."

"Labda," alisema Verna. "Mimi ni Verna, wa bima. Sikukuita huku."

"Najua hukuniita. Nimejileta. Barua ya benki inasema Ijumaa, nikaona siwezi kuisubiri Ijumaa jikoni kwangu."

Walikaa ndani ya gari kwa sababu ya baridi. Lupe alitoa kopo la maandazi, akafumba macho na kuomba kwa Kitonga. Verna, aliyekuwa ameshachukua moja, alilishika mkononi hadi aliposikia amina. Kisha akamimina chai ya chupa kwenye vifuniko viwili na kufungua daftari.

"Uniambie hesabu yako ilivyokuwa. Kwa maneno yako."

"Nilikopa laki tano na elfu ishirini. Nilinunua wakati makaa yana bei. Sikuwa na akiba ya kutanguliza, kwa hiyo nikaweka rehani nyumba yangu ya Logan, ile aliyoniachia mume wangu. Benki ikasema miaka mitatu ya kwanza nilipe riba peke yake. Elfu mbili na mia sita kwa mwezi. Kodi ilikuwa ikiingia elfu tatu na mia tisa. Nikitoa ada ya wakala, bima na manispaa, kinabaki kidogo. Nikakiweka kwa ada za shule za wajukuu."

"Na kodi ilipokatika?"

"Aprili, Mei, Juni. Nimekosa miezi mitatu, dola elfu saba na mia nane. Na Agosti ile miaka mitatu inakwisha, natakiwa kuanza kulipa na deni lenyewe. Elfu tatu na mia mbili na zaidi kwa mwezi. Mimi nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee, mama Verna. Nikikesha mwezi mzima siipati."

"Na Ijumaa?"

"Nisipoleta hizo elfu saba na mia nane, wanauza zote mbili. Hii ikiuzwa leo haifiki laki moja na nusu. Ya Logan itafuata, na ndani yake kuna watoto wanne."

Verna aliandika. Hakuinua macho alipouliza: "Mwaka jana nyumba za mtaa huu zilikuwa zikipangishwa dola mia mbili na hamsini. Ulijua?"

"Niliambiwa yangu ni maalumu. Ina bafu mbili."

"Ukaamini."

"Pesa ilikuwa ikiingia. Ingekuwa wewe ungekataa?"

"Ningeuliza."

"Umesoma kuuliza. Mimi nimesoma kufua." Lupe alikunywa chai. "Unadhani nimekula njama na Strutt. Sema tu. Nimekuja mbali, sitazimia."

"Jana nilidhani," Verna alisema. "Leo sijui. Ulimwambia mtu mwingine kuhusu nyumba hii?"

Lupe alilifunika kopo la maandazi. "Kanisani. Strutt aliniomba nishuhudie jinsi Mungu alivyonibariki. Mwezi wa Oktoba familia mbili zikanunua kwake. Namba 20 na namba 22. Walitanguliza pesa za harusi ya binti yao, hao wa 20." Akaweka kifuniko cha chai kwenye dashibodi taratibu. "Nao hawapati kodi tangu Aprili."

Verna alipigia mstari neno Oktoba.

Ukungu ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Mzee wa mapipa alikuwa amemaliza kazi na sasa alisimama barabarani, mikono mfukoni, kama mtu anayehesabu watoto wake. Verna alimfuata, na Lupe nyuma yake akiburuta sanduku.

"Habari za asubuhi, mzee. Unaishi hapa?"

"Namba tisa. Colin Brennick. Niite Col, jina lote ni la polisi na daktari." Alimtazama kwa makini. "Wewe una miguu ya polisi."

"Zamani. Namtafuta mpangaji wa namba 14. Kelleher."

"Mtu wa kimya huyo," Col alisema haraka. "Zamu za usiku. Humwoni."

"Ana gari gani?"

"Jekundu. La mizigo."

"Akiwa ndani humsikii?"

"Nasikia maji. Watoto wakiruka kwenye trampolini." Alikatisha, akajifuta midomo. "Hapana. Hao walikuwa akina Lindqvist, kabla yake. Watoto watatu. Namba 20 walikaa Wafilipino, wakichoma nyama kila Jumamosi na kuimba. June wangu akiwapelekea keki ya tangawizi. Asubuhi kama hii ungesikia milango kumi inafungwa kwa pamoja."

"Na sasa?"

"Sasa taa zinawaka," alisema Col. "Si haba."

Ndege walishuka wakati huo. Kasuku weupe wenye vishungi, thelathini au zaidi, walitoka kwenye ukungu bila sauti, kama nguo zilizopeperushwa kutoka kamba isiyoonekana, wakatua juu ya mapipa. Verna alisimama kuwatazama. Walitembea juu ya vifuniko, wakasukuma kwa midomo. Mapipa manne ya mtaa huo yalikuwa na matofali juu, kama inavyofanywa Mullaburra nzima, kwa sababu ndege hawa wamejifunza kufungua kifuniko na kumwaga mabaki ya chakula barabarani. Wenye mapipa hutoka na kandambili miguuni kuondoa matofali lori likisikika. Kasuku walihangaika na matofali hayo manne, wakigombana.

Juu ya pipa la namba 14 hakukuwa na tofali. Hakukuwa na ndege pia.

Verna alitoa zile picha nane kwenye bahasha, akazipitia moja baada ya nyingine kwenye mwanga hafifu. Taa. Nyasi. Pipa. Katika picha ya Novemba pipa la jirani wa mbali lilionekana kwenye kona, na juu yake tofali. La namba 14 halikuwa na kitu juu, Agosti hadi Machi.

"Mzee Col," alisema bila kugeuka, "umesukuma mapipa saba. La kwako mwenyewe umeliwekea tofali?"

"Nimeweka. Wale mashetani wananijua."

"Na haya sita mengine hukuyawekea."

Col alitazama mbali. "Matofali yameniishia."

"Kuna rundo la matofali uani kwako. Naliona kutoka hapa."

Col alirudisha mikono mfukoni. Lupe alikuwa ameusogelea ukingo wa barabara na sasa alisimama karibu na pipa lake, mkono juu ya kifuniko, asilifungue.

Lori la manispaa liliingia mtaani taa zake zikizunguka ndani ya ukungu, rangi ya chungwa, polepole. Aliyeliendesha alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani ya jua usoni ingawa jua halikuwepo. Alisimama sambamba nao, akaegemea dirishani.

"Col, mpenzi wangu. Leo umeleta wachumba wawili?"

"Endesha lori, Renee."

"Ninaendesha." Mkono wa chuma ulitoka ubavuni, ukalikumbatia pipa la namba 14, ukalinyanyua, ukalipindua juu na kulirudisha. Hakuna kilichosikika kikidondoka. "Linafunga hili," Renee alisema. "Mwaka mzima halili."

Verna alisogea hadi mlangoni mwa lori. Akaonyesha kitambulisho chake. "Mkono huo unapima uzito?"

"Unapima. Manispaa inataka kujua nani anatupa nini. Pipa lina chipu, kompyuta inaandika."

"Unaweza kunisomea la namba 14?"

Renee alivua miwani na kuwatazama wote watatu, Verna, yule mama wa sanduku na mzee aliyeinamisha kichwa. Mzaha ulimtoka usoni. Akabonyeza kioo cha kompyuta. "Leo, kilo kumi na tatu. Wiki iliyopita, kumi na tatu. Kabla yake, kumi na tatu. Nirudi hadi wapi?"

"Mwezi wa Agosti mwaka jana."

Alirudi. Kidole chake kilishuka na kushuka. "Kumi na tatu mpaka chini. Julai, kilo thelathini na nane. Hapo waliishi watu."

"Na pipa tupu lina uzito gani?"

"Kumi na tatu," alisema Renee.

Verna aliandika tarehe na namba, akamwomba asaini pembeni, naye akasaini juu ya usukani. Kisha akafunga daftari. Sasa alijua, na alisema kwa utaratibu, akimtazama Lupe.

"Hakuna Kelleher. Wapangaji wako wa mwisho walihama mwezi wa Julai. Kodi uliyopokea miezi minane ilitoka kwa Strutt mwenyewe. Alihitaji nyumba moja inayolipa vizuri na mama mmoja mwaminifu wa kuisemea. Oktoba alipata pesa za watu wa kanisa lako, na nadhani humo ndimo alimotoa kodi yako. Aprili hakupata wanunuzi wengine. Ndipo Kelleher akatoroka."

Lupe alikaa juu ya sanduku lake. "Kwa hiyo bima inalipa?"

"Bima inalipa mpangaji anapotoroka. Asiyekuwepo hawezi kutoroka. Saa sita mchana nitaandika hapana. Siwezi kuandika kingine."

Hakulia. Aliitazama tu taa ya barazani, iliyokuwa ikififia kadiri mchana ulivyozidi. "Niliiona nikasema Mungu ameniwekea mtu ndani," alisema. "Nani aliiwasha?"

Col alitoa mkono mfukoni. Kiganjani kulikuwa na pete ya funguo, sita, kila mmoja na utepe wa rangi yake.

"Mimi," alisema. "Strutt alinipa. Alisema wenye nyumba wanataka mtaa uonekane hai, vijana wasivunje vioo. Nikate nyasi, niwashe taa jioni, Jumanne nitoe mapipa. Kodi yangu akaishusha, dola sitini kwa wiki. Nalipwa pensheni tu, ningehama wapi?" Alizungusha pete kidoleni. "Lakini kusema kweli hata bila hizo sitini ningefanya. June alipokufa walikuwa wanahama mmoja baada ya mwingine. Nikiwasha taa nikitoka nje, kwa dakika chache wanakuwa wamerudi wote."

"Na alipokuja mtu kuuliza habari za Kelleher?"

"Niseme gari jekundu. Alinifundisha. Nilijiambia ni mtu wa zamu za usiku. Nikajiambia mara nyingi hadi nikawa namwamkia."

"Mzee," Lupe alisema polepole, "mimi nilikuwa nikizitazama picha za kazi yako kabla ya kulala. Naona pipa, naona taa, nashukuru."

Col alizifumbata funguo kiganjani.

Verna alifungua tena daftari. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kazi: "Bima haiwezi, lakini Strutt ana leseni ya jimbo, na jimbo lina mfuko wa kuwafidia waliodanganywa na mawakala wenye leseni. Mfuko huo hauendi haraka. Ila nikiwa na ushahidi ulioapishwa kesho, maombi yataingia kesho, na lalamiko kwa msuluhishi wa mabenki kesho hiyohiyo. Likipokelewa, benki inasimamisha mnada hadi lisikilizwe. Hapo kuna muda wa kumtafuta mpangaji halisi, hata wa mia mbili na hamsini, na kuomba tena riba peke yake. Ni hesabu nyembamba, mama Lupe. Siahidi zaidi ya hapo."

"Ushahidi wa nani?"

"Uzito wa pipa unasema halikuwa na kitu. Hausemi nani alilitoa na kwa amri ya nani. Anayejua hilo ni mmoja."

Injini ya lori ilinguruma taratibu. Renee alinyoosha mkono na kuizima. Kimya kikarudi mtaani, na kasuku mmoja akapiga kelele kisha akanyamaza.

"Nikisema, Strutt atanitoa namba tisa kabla ya mwisho wa mwezi," Col alisema.

"Atajaribu," alisema Verna.

"Ndimo alimofia June. Chumba cha mbele."

Lupe aliinuka. Alijifunga tena mkeka wake kiunoni, akavuka nyasi zenye jalidi hadi alipokuwa uso kwa uso na mzee. Alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima.

"Sikulazimishi, baba," alisema. "Kama utakataa, kataa sasa, nirudi na basi la mchana nikawaambie wajukuu. Kama utakubali, usininong'oneze. Kwetu mtu akiahidi, anaahidi watu wakisikia. Huyu wa lori asikie, na huyu wa bima, na mimi. Na wale wa kanisani kwangu nitawaambia mwenyewe nilichowafanyia, Jumapili, nimesimama."

Col alimtazama, kisha akautazama mtaa, lango moja baada ya jingine. Ukungu ulikuwa umeinuka hadi mapaani, na madirisha ya zile nyumba sita yalionekana, hayana mapazia. Alitembea hadi barazani mwa namba 14, akajaribu ufunguo wenye utepe wa buluu, akanyoosha mkono ndani ya mlango. Taa ikazimika. Aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Mimi Colin Brennick wa namba tisa," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa mtaa. "Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa mbele ya kamishna wa viapo na funguo hizi mkononi. Nitasema hakuna mtu aliyelala katika nyumba ya mama huyu tangu akina Lindqvist walipohama, na kwamba aliyetoa mapipa ni mimi, na aliyeniambia nitoe ni Gavin Strutt. Nyinyi watatu mmenisikia. Nisipofika, njooni mnifuate namba tisa. Nitakuwa nimekaa gizani."